Karatasi tatu kwenye friji

Swali hili limetoka kwa mama mzaliwa wa Mombasa anayeishi Minneapolis, Marekani. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka tisa, ana usonji, na maneno anayosema hayazidi ishirini. Tangu Januari mtaalamu wa matamshi wa shuleni kwake ameondoka na hajaletwa mwingine. Kwenye friji yangu nimebandika karatasi tatu. Moja nimepewa na chama cha wazazi: nimpigie simu seneta asikubali fedha za utafiti wa usonji zikatwe. Ya pili nimepewa na kijana mwenye usonji: yeye anasema utafiti huo hautusaidii kitu, nipiganie Medicaid, bima ya afya ya serikali. Ya tatu kaleta jirani: tudai chanjo zichunguzwe, na anasema sasa hata serikali imekiri. Wote wanasema wanamtetea mwanangu. Nimsikilize nani? Na hayo mamilioni yanaenda wapi ikiwa mtoto hana hata wa kumfundisha kusema?"

Marahaba, mama. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalouma.

Fedha zinazotajwa kwenye karatasi ya kwanza hazikupangwa hata siku moja kumlipa mtaalamu wa matamshi. Sisemi zimeliwa. Zimekaa kwenye mfuko mwingine kabisa. Tatizo ni kwamba Marekani wakisema "fedha za usonji" hawasemi ni mfuko upi, na mzazi anayesikia bilioni kwenye habari anarudi nyumbani kusubiri kitu ambacho hakiko njiani.

Mfuko huo una historia yake. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoitwa, kwa tafsiri yangu, Sheria ya Kupambana na Usonji. Rais George W. Bush aliitia saini tarehe 19 Desemba mwaka huo. Vyombo vya habari vikatangaza karibu dola bilioni moja, na kwenye karatasi ilikuwa kama milioni 945 kwa miaka mitano. Sasa wewe umekulia Mombasa, huhitaji darasa kujua tofauti ya fedha zilizopitishwa na fedha zilizotoka. Marekani nako ni vilevile. Sheria inaweka kiwango kinachoruhusiwa, kisha kila mwaka kamati za bajeti zinaamua zitoe kiasi gani. Ndiyo maana chama cha wazazi kinakuomba umpigie seneta simu leo ingawa sheria yenyewe ilihuishwa Desemba 2024 na Rais Biden, kwa kiwango kinachokaribia bilioni mbili kwa miaka mitano. Ruhusa ipo. Wanachogombania ni kutoka kwa fedha.

Zikitoka, zinafanya kazi tatu. Nyingi zinakwenda kwenye utafiti kupitia Taasisi za Taifa za Afya, NIH. Nyingine zinakwenda CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Atlanta, kinachohesabu watoto wenye usonji, na ndiko zinakotoka zile takwimu zinazowatia watu hofu: mtoto 1 kati ya 150 kwa hesabu za mwaka 2000, 1 kati ya 31 kwa hesabu za 2022. Fungu la mwisho linafundisha madaktari na wataalamu. Humo hamna dola ya kumlipa mtu akae mezani na mwanao, amshike kidevu, amwonyeshe jinsi midomo inavyofunga kusema "maji".

Utaniuliza basi utafiti wenyewe unatafuta nini. Kwa miaka mingi fungu kubwa kuliko yote limekwenda kwenye biolojia: jeni, ubongo, panya wa maabara. Kamati ya serikali inayoratibu mambo haya, inayojulikana kwa herufi IACC, huchapisha mchanganuo wa matumizi, na ukiusoma mwaka baada ya mwaka unaona maisha ya watu wazima wenye usonji yakipata asilimia 2 au 3 hivi. Uingereza walipojichunguza mwaka 2013 walikuta zaidi ya nusu ya fedha za utafiti wa usonji zimeingia kwenye biolojia, ubongo na utambuzi, wakati wazazi na wenye usonji walipoulizwa wanataka nini walisema: huduma, shule, kazi, maisha ya kila siku. Mimi mwenyewe nimepitia maombi mengi ya ruzuku za utafiti. Panya wanaletewa fedha bila kubembeleza. Mtafiti anayetaka kujua kijana wa miaka 22 anaishi vipi baada ya kumaliza shule anaulizwa maswali mpaka anachoka.

Kwa nini imekuwa hivyo? Hapa nitakaa kidogo, maana kuna kisa kinachohusu hilo friji lako.

Usonji ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1943 na Leo Kanner, daktari wa Johns Hopkins mjini Baltimore, aliyeandika habari za watoto 11. Katika miaka iliyofuata, yeye na hasa wengine waliomfuata waliwatazama wazazi wa watoto hao wakaona ubaridi. Ikazuka nadharia ya "mama friji": mtoto amejifungia ndani yake kwa sababu mama hakumpa joto la mapenzi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza sana, na kitabu chake cha 1967 kilisomwa na watu wa kila aina. Fikiria mama anampeleka mwanawe hospitali, anarudi ameambiwa kuwa ugonjwa ni yeye. Kuna mahali watoto walitenganishwa na wazazi wao na hilo likaitwa tiba.

Aliyeivunja nadharia hiyo alikuwa baba mmoja, Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini huko San Diego, aliyekuwa na mtoto mwenye usonji. Kitabu chake cha 1964 kilijenga hoja kwamba chanzo kiko kwenye mwili na ubongo, si kwenye moyo wa mama. Mwaka uliofuata akashirikiana na wazazi wenzake kuanzisha chama cha kitaifa. Kwa wazazi hao biolojia haikuwa somo la maabara tu. Ilikuwa hati ya kuachiwa huru. Kila jeni lililopatikana lilikuwa shahidi mwingine wa kuwasafisha. Ukilielewa hilo huwezi kuwashangaa wazazi wa miaka ya 1990 walioanzisha vyama vyao vya kuchangisha fedha, kimoja mwaka 1994 na kingine 1995, wakataka utafiti wa jeni kabla ya kitu kingine chochote. NIH wakati huo ilikuwa ikitumia kama dola milioni 22 kwa mwaka kwenye usonji. Siku hizi zinazidi milioni 300.

Kisha mwaka 2005 wakaingia watu wenye uwezo hasa. Bob Wright alikuwa bosi wa kampuni ya televisheni ya NBC Universal. Mjukuu wake alipogundulika kuwa na usonji, yeye na mkewe Suzanne walianzisha chama cha Autism Speaks, na Bernie Marcus, mmoja wa waanzilishi wa maduka ya Home Depot, akawapa dola milioni 25 za kuanzia. Katika miaka miwili vile vyama viwili vya awali vilikuwa vimemezwa. Mtu mwenye televisheni ana sauti ambayo mama wa mtaa wa Cedar-Riverside huko kwenu Minneapolis hana, na ile sheria ya 2006 ilipita kwa sauti hiyo. Ilipokwama mikononi mwa Joe Barton, mwenyekiti wa kamati husika katika Baraza la Wawakilishi, mtangazaji wa redio Don Imus alimsema hewani bila kumstahi. Ndivyo siasa za magonjwa zinavyokwenda kule: ugonjwa wenye wazazi matajiri na wenye hasira haukosi sheria.

Sina kinyongo nao, walifanya ambalo mzazi yeyote angefanya. Lakini lugha waliyotumia kuchangisha ilikuwa lugha ya msiba: mtoto ametekwa, familia imebomoka, janga limeingia nchini. Msiba unachangiwa haraka kuliko shule, hata kwetu, tazama makundi ya WhatsApp.

Kumbe waliokuwa wakiitwa msiba walikuwa wanasikia.

Hapo ndipo inapoingia karatasi yako ya pili. Desemba 2007 kituo kimoja cha watoto cha Chuo Kikuu cha New York kilibandika matangazo yaliyoandikwa kama barua za watekaji nyara: tunaye mwanao. Aliyesaini barua alikuwa "Usonji". Kijana mwenye umri wa kama miaka ishirini, Ari Ne'eman, mwenye usonji mwenyewe, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amesaidia kuanzisha chama cha watu wenye usonji kinachoitwa ASAN, alikusanya vyama vya watu wenye ulemavu na maelfu ya saini. Haikupita mwezi, matangazo yakaondolewa. Obama alimteua kwenye Baraza la Taifa la Ulemavu, na mwaka 2010 Seneti ikamthibitisha. Ilipofika 2014, sheria ikihuishwa tena, ASAN wakauliza swali rahisi: mnapambana na nani? Neno "kupambana" likatolewa kwenye jina la sheria. Mwaka 2016 Autism Speaks nao wakaondoa neno la kutafuta tiba ya kuuondoa usonji kwenye maelezo ya dhamira yao.

Usidhani ni maneno matupu. Neno linalobaki kwenye jina la sheria ndilo linaloamua swali gani la utafiti linaonekana la maana. Ukiwa unapambana na ugonjwa, mtu wa miaka arobaini mwenye usonji anayetafuta nyumba haonekani kwenye ramani yako. Na viti navyo viliongezwa. Sheria ya 2006 ilitaka ile kamati ya IACC iwe na walau mtu mmoja mwenye usonji na walau mzazi mmoja; ya 2014 ikataka wawili wawili; ya 2019 watatu watatu. Mama mmoja Msomali kutoka Minnesota hiyohiyo aliwahi kukaa kwenye kamati hiyo. Kwa hiyo si kwamba milango imefungwa kwa watu wetu.

Lakini nikwambie na upande ambao kijana wa karatasi ya pili pengine hakukuambia. Kuna wazazi, hasa wa watoto wasiosema kabisa, wanaohitaji mtu wa kuwaangalia saa 24, wanaoona kwamba wanaharakati wanaoweza kusimama na kuhutubia hawawasemei watoto wao. Mwaka 2021 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilipendekeza neno maalumu kwa ajili ya hao, usonji mzito kwa Kiswahili changu, na mwaka 2023 watafiti wa CDC wakakadiria kuwa karibu robo ya watoto waliohesabiwa wanaingia hapo. ASAN hawalitaki neno hilo. Wanasema litawafungia watu kwenye chumba cha "hawa haiwezekani". Wazazi wanajibu kwamba bila jina hakuna anayewaona. Mwanao na maneno yake ishirini amesimama katikati ya ugomvi huu. Mimi naona wazazi wana haki ya kudai utafiti kuhusu watoto wasiosema, maana ni kweli wameachwa nyuma: watafiti wanapenda mtoto anayetulia kwenye mashine na kujibu maswali. Ila kijana anayekuambia huduma kwanza anasema jambo ambalo hata mwenye usonji mzito analihitaji kuliko jeni. Ugomvi wao ni wa jina. Kwenye mahitaji hawako mbali hivyo.

Sasa karatasi ya tatu. Hii sitaizungukazunguka.

Hilo ombi la kuchunguza chanjo limeshajibiwa kwa fedha nyingi sana, fedha zilezile ambazo zingeweza kuchunguza kitu kingine. Daktari Andrew Wakefield wa London alichapisha habari za watoto 12 kwenye jarida la Lancet mwaka 1998, akidokeza kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Mwandishi Brian Deer alipofukua, ilionekana Wakefield alikuwa analipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengeneza chanjo, zaidi ya pauni 400,000. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala na yeye akanyang'anywa leseni ya udaktari. Wadenmaki walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 wakachapisha mwaka 2019: waliochanjwa surua, matumbwitumbwi na rubela hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mahakama maalumu ya Marekani ilipokea madai zaidi ya 5,000, na katika kesi tatu za mfano zilizoamuliwa Februari 2009 wadai walishindwa zote.

Na hapa kuna kichekesho kichungu: Rimland yuleyule aliyewaondolea akina mama lawama, uzeeni alikuwa mmoja wa waliozipa nguvu nadharia kwamba chanjo na zebaki huleta usonji. Ukishatafuta chanzo nje ya moyo wa mama, ni rahisi kukiona kwenye sindano.

Suala hili liliwahi kupasua hata Autism Speaks. Januari 2009 kamati ya IACC ilipiga kura kuhusu kuweka utafiti wa chanjo kwenye mpango wake. Alison Singer, aliyekuwa kiongozi wa Autism Speaks na mama wa mtoto mwenye usonji, alijiuzulu kwenye chama hicho kwa sababu hakutaka kupiga kura ya kumwaga fedha kwenye swali lililokwisha kujibiwa. Akaenda kuanzisha mfuko wake wa utafiti.

Jirani yako anasema serikali imekiri. Naelewa anachokitaja. Robert F. Kennedy Jr. aliapishwa kuwa waziri wa afya Februari 2025. Aprili akasimama mbele ya waandishi akasema wapo watoto wenye usonji ambao hawatalipa kodi kamwe, hawatashika kazi, hawatacheza besiboli. Tarehe 22 Septemba, yeye akiwa pembeni, Rais Trump akawaambia wajawazito waache Tylenol, yaani hiyohiyo Panadol yetu, ingawa utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024, wa watoto wapatao milioni 2.5, ulipolinganisha ndugu wa tumbo moja haukuona uhusiano. Novemba ukurasa wa CDC ukabadilishwa, ukasema kauli kwamba chanjo hazisababishi usonji haina msingi wa ushahidi. Hicho ndicho jirani anachokiita kukiri. Lakini hakuna utafiti mpya uliotolewa siku hiyo. Kilichobadilika ni mwenye ufunguo wa ofisi. Na jambo ambalo halikupata kelele: siku ileile ya Panadol, NIH ilitangaza miradi 13 iliyopewa dola milioni 50, na mingi ni ya wanasayansi wa kawaida wanaochunguza jeni na mazingira kwa pamoja, kazi nzuri tu. Mwaka huohuo ruzuku nyingine nyingi za NIH zilikatishwa njiani, zikiwemo za usonji. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua.

Ungekuwa unaishi Ohio ningeishia hapo. Lakini uko Minneapolis, na mji wako umeshalipa gharama ya karatasi ya tatu. Mwaka 2008 hivi wazazi Wasomali waliona watoto wao ni wengi mno kwenye madarasa ya usonji. Walikuwa na haki ya kuuliza. Chuo Kikuu cha Minnesota kikahesabu, kwa fedha za serikali na za Autism Speaks, na mwaka 2013 kikatoa jibu: Wasomali 1 kati ya 32, Wazungu 1 kati ya 36, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Kilichoonekana kweli ni kwamba watoto Wasomali waliotambuliwa wote walikuwa na ulemavu wa akili pia, wakati kwa Wazungu ilikuwa sehemu tu. Swali la maana lilikuwa hapo: je, watoto wetu wenye usonji mwepesi wanapitwa bila kuonwa? Lakini kabla jibu halijafika, Wakefield alikwishakuja Minneapolis kukaa na wazazi. Chanjo ya surua kwa watoto wa Kisomali wa jimbo hilo ilikuwa asilimia 92 mwaka 2004. Ilipofika 2014 ilikuwa 42. Mwaka 2017 surua ikaingia, wagonjwa 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo. Usonji haukupungua hata kwa mtoto mmoja. Mama aliyeuliza kwa uchungu akapewa jibu na mtu mwenye shida zake, na watoto wakalala hospitali.

Mwambie jirani kwa upole. Usimdhihaki. Aliyempa karatasi alimsikiliza, na kliniki nyingi hazikumsikiliza.

Turudi kwa mtaalamu wa matamshi. Mfuko wake uko sehemu mbili.

Wa kwanza ni sheria ya elimu ya mwaka 1975, ambayo leo inaitwa IDEA. Hiyo ndiyo iliyowapa watoto wenye ulemavu haki ya shule Marekani, na mwaka 1990 usonji ukatajwa humo kwa jina. Serikali kuu iliahidi kuchangia, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja. Rais Gerald Ford alitia saini huku akinung'unika kwamba sheria inaahidi zaidi ya itakavyoweza kutoa, na kwa hilo hakukosea: ahadi haijatimizwa mpaka leo, na miaka ya karibuni mchango umekuwa chini ya asilimia 15. Kilichobaki kinabebwa na jimbo na wilaya ya shule. Wilaya ikibanwa, wa kwanza kuondoka bila kuzibiwa pengo ni mtu kama yule aliyeondoka Januari.

Wa pili ni Medicaid, na hapo kijana wa karatasi ya pili anajua anachosema. Tiba nyingi za nje ya shule, msaidizi wa nyumbani, huduma za mtu akishakuwa mkubwa, zinatoka huko. Sheria kubwa ya bajeti iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inapunguza matumizi ya serikali kuu kwenye Medicaid kwa zaidi ya dola bilioni 900 katika miaka kumi, kwa makadirio ya ofisi ya bajeti ya Bunge. Linganisha na zile milioni 300 na kitu za utafiti kwa mwaka. Huduma za nyumbani kwa watu wenye ulemavu ni za hiari kwa jimbo, siyo lazima, kwa hiyo mkasi ukianza kukata huanzia pale. Na Minnesota kuna nyongeza unayoijua kuliko mimi: Septemba 2025 waendesha mashtaka walifungua kesi ya kwanza ya udanganyifu katika mpango wa tiba ya usonji wa jimbo, kisha ikaja kazi ya kukagua malipo kabla ya kutolewa, na vituo visivyo na kosa vikasubiri navyo. Mwizi aadhibiwe. Ila aliyeibiwa ni mtoto, halafu mtoto huyohuyo ndiye anayecheleweshewa tiba.

Kwa hiyo karatasi zako. Ya tatu ibandue. Ya kwanza na ya pili ziache zote mbili, na usikubali mtu akuambie uchague. Kwa seneta piga simu moja useme mambo mawili ndani ya dakika moja: utafiti wa usonji usikatwe, na sehemu yake kubwa ielekezwe kwenye huduma na kwa watoto wasiosema, na Medicaid isiguswe kwa watu wenye ulemavu. Taja jina la mtaa wako na umri wa mtoto. Anayepokea simu ni kijana mwenye daftari. Anaandika idadi ya waliopiga na walichotaka, haandiki hotuba. IACC nayo hufanya mikutano ya wazi, na mtu wa kawaida hupewa dakika chache za kusema au hutuma maandishi. Ukituma, usieleze usonji ni nini, wanajua. Eleza Januari.

Lakini shule usiisubirie Washington. Kama mpango wa elimu wa mwanao, ile IEP, umeandika dakika kadhaa za mtaalamu wa matamshi kwa wiki, dakika hizo ni deni. Shule kukosa mtumishi si sababu mbele ya sheria. Wanaweza kuajiri wa mkataba au kumlipa wa nje. Andika barua, si simu, yenye tarehe. Omba mkutano wa IEP, omba rekodi ya dakika zilizotolewa tangu Januari, na omba dakika zilizopotea zifidiwe. Kama unahitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye mkutano, omba kwenye barua hiyohiyo. Ni wajibu wao kuhakikisha umeelewa. Wasipojibu, peleka malalamiko ya maandishi idara ya elimu ya jimbo. Hayana ada, huhitaji wakili, na wanatakiwa kuamua ndani ya siku 60, mradi jambo lenyewe halijapita mwaka mmoja.

Umeniuliza pia, katika sehemu ya barua niliyoipunguza, kama umrudishe mtoto Mombasa kwa bibi yake. Hilo siwezi kukuamulia. Naweza kukuambia tu kwamba utafiti umefika hata huko: Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, wamekuwa wakichunguza jeni za watoto wa Pwani wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji kwa kushirikiana na taasisi ya Broad ya Marekani, na watafiti wetu wenyewe, Profesa Amina Abubakar akiwa mmoja wao, wamefanya kazi kubwa ya kupata vipimo vinavyoelewana na Kiswahili na Kigiriama. Ni jambo jema, na mimi nalifurahia. Ila mtaalamu wa matamshi wa serikali Pwani nzima utamtafuta kwa tochi, na IEP ya kumdai nayo huko hakuna. Barua kwa shule iandike wiki hii, mama, kabla hawajafunga.